Paka wa bondeni: maji yakija sisi tunahama, wao wanabaki juu ya bati. Tunawasaidiaje?

Binti wa Bondeni (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Najua kuna watu wataandika "hata binadamu hawajasaidiwa" kabla hawajafika aya ya pili, nyie tulieni kidogo zamu yenu ipo.

Naishi upande wa bonde la Msimbazi hapa Dar, zile sehemu ambazo TMA wakitoa tu tahadhari ya mvua kubwa watu wanaanza kupandisha magodoro juu ya kabati. Masika ikikolea maji yanaingia usiku, unabeba watoto, vyeti, tivii na mtungi wa gesi unakimbilia kwa ndugu au shule ya msingi. Paka anaachwa, na sio roho mbaya, ni kwamba kelele zikianza tu yeye keshapotea na hakuna wa kumtafuta na maji yako magotini. Baadae watu wanarudi kuzoa tope wanasema "paka wetu alikufa na maji" na mjadala unaishia hapo.

Mimi nabisha. Wengi hawafi na maji. Paka hashindani na maji, anapanda. Yupo kwenye kenchi juu ya dari, yupo juu ya bati la jirani, yupo kwenye mwembe, kaogopa kiasi kwamba hata ukimwita haitiki. Kinachommaliza ni zile siku za baada ya maji, hakuna chakula, maji yote yaliyopo ni ya chooni yamechanganyika na oili za gereji, na wenye nyumba wako Chanika kwa shemeji.

Kwahiyo ukirudi kusafisha usitazame chini tu, tazama juu. Na rudi usiku watu wakishatulia, na tochi ya simu, macho ya paka yanarudisha mwanga hata akiwa kajificha ndani ndani. Mwite kwa sauti ileile ya kumwitia chakula, kama ulizoea kugonga sufuria gonga sufuria. Usiende na kundi la watoto wanapiga miluzi, hashuki huyo.

Wenye uzoefu leteni nondo, masika haiko mbali.

---

Mzee wa Fitna

Nilijua tu. Mwezi wa 12 2023 tope limeshuka mlima Hanang limezika watu Katesh, April 2024 Rufiji na Kibiti watu wamekaa kwenye maji mashamba yote yamekwenda, wewe unatuletea habari za paka. Nchi ya watu wenye shibe hii.

---

Kaka wa Houston

Mzee wa Fitna hoja yako ilishajibiwa huku Marekani na jibu liligharimu sana. Kimbunga Katrina, Agosti 2005, New Orleans. Waokoaji walikuwa wanafika na boti wanaambiwa watu tu, mbwa na paka hawapandi. Unajua kilichotokea? Watu waligoma kupanda. Kuna bibi anakwambia mie siondoki namuacha huyu, anabaki darini na paka wake, na wapo waliokufa hivyo. Wengine waliondoka halafu wakawa wanarudi kimya kimya kwenye eneo lililofungwa kutafuta wanyama wao, sasa mwokoaji anaokoa mtu huyohuyo mara mbili.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2006, Bush akasaini sheria, jimbo likitaka hela za maafa za serikali kuu lazima mpango wake wa dharura useme wanyama wa nyumbani watafanywa nini. Hawakufanya kwa huruma ya paka tu, walifanya hesabu wakaona mnyama ukimwacha nje ya mpango anabaki na mwenye nyumba. Kimbunga Harvey kilipopiga hapa kwetu 2017 kuna vituo vilipokea watu na wanyama wao.

---

Mzee wa Fitna

Hizo za huko. Huku nani atagoma kupanda mtumbwi sababu ya paka

---

Mama Ikwiriri

Mimi hapa.

Sio kwamba nilikataa kabisa, ila niliwaambia vijana wa mtumbwi subirini nimtoe yule yuko kwenye dari, wakanisonya lakini walisubiri. Na nikwambie kitu baba yangu wewe unakaa mjini hujui. Mto ukifurika panya nao wanahama, nyoka nao wanahama, wote wanakuja penye kilima mlipokimbilia nyie. Tulipokuwa kambini ule unga na mahindi ya msaada panya walikuwa wanatoboa magunia usiku kama wamelipwa, mwenye paka analala na mfuko wake mzima. Ilifika mahali watu wanakuja kuniazima paka kama wanavyoazima kinu, "mama fulani nisaidie mzee wako leo alale kwangu". Kwahiyo kusema paka ni mambo ya shibe mimi nakataa, kwetu paka ni stoo.

---

Ngoja Waje

"nisaidie mzee wako leo alale kwangu" 😂😂😂 mama umeniua

---

Dokta wa Ng'ombe

Nimesomea mifugo, paka nawaona mara chache ila baada ya mafuriko wanaletwa, na wengi wanaletwa wakiwa wameshaharibiwa na tiba za nyumbani. Naomba msome hii taratibu.

Dettol. Paka katoka kwenye maji machafu, mtu mwema anamuogesha na Dettol aue vijidudu. Unamuua. Ini la paka haliwezi kuvunja dawa za aina hiyo, na yeye atajilamba mwili mzima mpaka amalize. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo kali, suuza mpaka utelezi uishe, mkaushe na taulo. Kama ana oili au dizeli manyoyani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo inatoa. Muhimu atoke safi KABLA hajajilamba, maana chochote kilichoko manyoyani kitaishia tumboni.

Panadol. Hii naisema kila mwaka. Nusu kidonge cha paracetamol kinatosha kumuua paka mzima. Damu yake inashindwa kubeba hewa, unaona fizi zinakuwa za kahawia au bluu, anavimba uso. Asprini na Diclopar hivyohivyo msijaribu.

Dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Baada ya mafuriko paka anakuwa na viroboto na mtu anaenda duka la dawa za mifugo anapimiwa ile ya kuogeshea ng'ombe. Zile zenye sipamethrini na pamethrini paka anatetemeka mpaka anakata roho. Uliza dawa iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya paka, ikikosekana bora chanuo la meno membamba na uvumilivu.

Akiwa hajala siku nyingi usimjazie sahani, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Na paka mzima anayekataa kula kabisa siku mbili tatu usiseme "atakula akitaka", mafuta yanahamia kwenye ini na hapo kumrudisha ni kazi, hasa aliyekuwa mnene. Ukiona anahema mdomo wazi kama mbwa huyo hasubiri kesho, mpeleke.

---

Binti wa Bondeni

Dokta barikiwa, hiyo ya Dettol nusu ya mtaa wetu wanafanya na wanaona wametenda wema. Vipi maziwa? Kila mtu akiokota paka, cha kwanza kukimbilia ni maziwa.

---

Dokta wa Ng'ombe

Paka mkubwa maziwa ya ng'ombe yanamwendesha wengi wao, na aliyetoka kwenye njaa ukimuongezea kuhara anakauka. Maji safi yanamtosha. Chakula dagaa wa kuchemsha, mwaga maji ya kwanza chumvi ipungue, au utumbo wa kuku uliochemshwa ukaiva, usitie vitunguu wala pilipili.

---

Mpemba Halisi

Assalam alaykum. Nimeusoma uzi wote, nina moja tu. Sote tumesomeshwa chuoni ile hadithi ya mwanamke alieingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumchinja, alimfungia ndani, hakumpa chakula na wala hakumwacha akajitafutia mwenyewe. Basi watu wakikimbia mvua wengine humfungia paka chumbani kwa nia njema kabisa eti asipotee, maji yakipanda ndio hana pa kutokea. Ukishindwa kumchukua, muache huru. Wacha mlango wa dari wazi, wacha dirisha, msimfunge kamba. Atajua mwenyewe wapi pa kupanda.

---

Binti wa Bondeni

Mpemba hapo umenigusa, kuna jirani alifunga paka jikoni ili amkute. Sitaki hata kusimulia.

---

Mtaalam Uchwara

Mimi naogopa kusema ila paka wanaobaki kwenye nyumba za mafuriko usiku sio wa kawaida. Mnamulika tochi mnaona macho mnafurahi. Haya.

---

Ngoja Waje

Mtaalam jini gani anakaa Jangwani kwenye tope lile, hata majini yana hadhi zao 😂

---

Wa Mathare

Sasa watu wangu, mimi niko Nairobi. Huku mwaka 2024 mwezi wa nne na wa tano mliona wenyewe, Mathare maji yalibeba nyumba za mabati usiku, halafu kabla watu hawajakauka serikali ikasema wote walio ndani ya mita thelathini kutoka kwa mto watoke, tingatinga zikaja. Kwa hivyo paka wetu walipigwa mara mbili, kwanza mafuriko, pili kubomolewa. Maji yakipungua paka hurudi mahali nyumba ilikuwa, sasa anarudi anapata hakuna nyumba, ni mchanga tu, na bado anakaa hapo. Niliona wengine wamekaa juu ya msingi wakingoja mwenye nyumba.

Kile kilisaidia ni mama mmoja anayeuza mutura, zile soseji za utumbo. Hakuwa na mpango wowote, alikuwa tu anaweka mabaki pahali pamoja, saa moja jioni, kila siku. Paka wakajua. Watu waliokuwa wamehamia kwa majamaa Huruma na Kariobangi wakasikia kuna paka wanakula kwa huyo mama, wakawa wanakuja jioni kuangalia kama wao wako. Wengi walipatana hivo. Kwa hivyo mimi ningesema usikimbilie kubeba kila paka unaona umpeleke kwako Rongai, ukimtoa hapo mwenyewe hatampata tena. Mlishe hapo hapo kwanza, piga picha, tuma kwa grupu la plot. Akiwa mgonjwa ama ni kitoto, hapo sawa mchukue, na Nairobi kuna KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wako tangu wakati wa mkoloni na wanapokea.

---

Kaka wa Houston

Wa Mathare umesema kitu ambacho watu wa uokoaji huku walijifunza kwa machungu. Baada ya Katrina wanyama walisafirishwa majimbo ya mbali kwa nia njema na wengi hawakurudi kwa wenyewe mpaka leo, kesi zilifika mahakamani, familia iliyolea na familia iliyopoteza zinagombea mbwa mmoja.

---

Msomi wa Ankara

Huku Uturuki paka wa mtaani ni kama raia. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 lilipopiga kusini, wanyama waliendelea kutolewa kwenye vifusi wiki nzima na zaidi. Mmoja alitolewa Gaziantep akamng'ang'ania zimamoto begani hashuki, video yake ilizunguka dunia nzima, jamaa akaamua kumchukua kabisa akamuita Enkaz, yaani Kifusi. Watu waliona video tamu. Mimi nilichoondoka nacho ni kwamba paka anaweza kukaa mahali pa giza bila sauti yoyote muda mrefu, kimya sio dalili kwamba kafa. Kwahiyo mleta uzi yuko sahihi.

---

Fundi Bajaji

Wakuu naomba msaada wa haraka uzi huu umekuja wakati wake. Paka wa mama mkwe yuko juu ya bati la nyumba ya nyuma toka mvua ya juzi, nyumba ile haina watu. Tumemuita, tumeweka dagaa chini, hashuki. Nilipanda ngazi akanikwaruza mkono na karuka bati la pili. Mama mkwe kanisimamia tu ananiangalia, ndoa iko mashakani.

---

Dokta wa Ng'ombe

Fundi kabla ya paka, mkono wako. Osha sasa hivi na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, sio kuchovya. Kama kakung'ata au kwaruzo limetoa damu nenda hospitali leo waeleze ni paka, kichaa cha mbwa kinabebwa na paka pia na chanjo haisubiri dalili, dalili zikitokea hakuna dawa. Na wote mnaoingia kwenye tope kuokoa vaeni mabuti. Mnakumbuka homa ya mgunda ya Ruangwa kule Lindi mwaka 2022, ile inatokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na inaingia kwenye vidonda vya miguu kupitia maji na tope.

---

Binti wa Bondeni

Fundi usipande tena. Weka chakula JUU alipo, sio chini. Yeye chini ndio anapoogopa, si ndiko maji yalikuwa? Siku ya kwanza weka kwenye bati uondoke kabisa. Kesho yake sogeza kidogo kuelekea kwenye ngazi. Egemeza ubao mpana au mlango uliong'oka kutoka batini mpaka ukutani, ngazi ya fito paka haiamini. Na mwambie mama mkwe atoe kanga yake aliyoivaa ISIYOFULIWA, iwekwe karibu na chakula.

Akishazoea kula hapo tumia tenga la kuku. Ule mtego wa njiwa tuliocheza wote utotoni, tenga limesimama kwa kijiti, kijiti kina kamba, wewe uko mbali. Akiingia mpaka mwisho vuta. Funika tenga zima na shuka palepale, giza linamtuliza. Usimtoe humo mpaka uko ndani ya chumba umefunga mlango na madirisha.

---

Fundi Bajaji

Mkono nimeosha, nimeenda, nimechomwa sindano na nimepewa tarehe za kurudi. Tenga nimeazima. Kanga mama mkwe anauliza ataipata lini 😅

---

Ngoja Waje

Mwambie paka ndio ataamua

---

Sauda Mtoni

Samahani naingilia, mimi nimeokota vitoto viwili kwenye boksi vimelowa, macho hayajafunguka, mama yao simuoni. Nimejaribu kuvipa maziwa havinyonyi.

---

Dokta wa Ng'ombe

Sauda usivinyweshe kitu vikiwa na baridi, tumbo la kitoto kilichopoa halifanyi kazi na maziwa yatakwenda kwenye mapafu. Kwanza joto. Jaza chupa maji ya moto kiasi, ifunge kwa kitambaa kinene, vilaze pembeni sio juu yake, viwe na nafasi ya kusogea vikizidiwa. Vikishapata joto ndio vinyonye, vimelala kifudifudi kama vingekuwa kwa mama, usivipindue mgongo kama mtoto mchanga wa binadamu. Bomba la sindano bila sindano, tone tone. Maziwa ya unga ya vitoto vya paka yapo kwenye baadhi ya maduka ya wanyama mjini, ndiyo yanayofaa. Na kila ukimaliza kulisha pangusa sehemu za chini na pamba yenye uvuguvugu mpaka vikojoe, umri huo havijui kukojoa vyenyewe, mama ndiye anawalamba.

Halafu hilo boksi ulimovitoa usiliondoe mahali pake kama ni pakavu sasa, mama anaweza akawa anahamisha mmoja mmoja. Chungulia kwa mbali.

---

Mama Ikwiriri

Sauda na uliza majirani kama kuna paka aliyezaa, anayenyonyesha mara nyingi hukubali wa kupandikiziwa. Mimi niliwapaka maziwa yake kwanza ndio nikawasogeza, akawalamba basi wakawa wake.

---

Sauda Mtoni

Vimepata joto vimeanza kulia sasa. Nimefurahi kusikia kelele sijawahi. Kuna jirani ana paka kazaa juzi naenda kumbembeleza.

---

Mkaazi wa Zamani Jangwani

Mmesema ya wakati wa maji na baada ya maji, ya kabla hamjagusa. Mimi ni wale wa 2011, Desemba, tuliohamishiwa Mabwepande. Sasa ndugu zangu waliolipwa fidia ya mradi wa Msimbazi nao wamebomoa wamehama. Kabla ya masika mzoeshe paka chombo cha kubebea. Sio lazima lile boksi la dukani la bei mbaya, tenga linatosha, au mfuko wa shangazi kaja uliotobolewa matundu, au ndoo mbili za plastiki zenye matundu zinafungwa mdomo kwa mdomo. Kiweke wazi sebuleni, ndani weka nguo yako, mlishie humo humo. Siku ya maji unamfuata alikozoea kulala, hutafuti uvunguni na tochi mdomoni. Chombo kikikosekana kabisa, foronya. Mshike shingoni kwa upole, foronya juu yake, funga, tembea. Hewa inapita.

Na mpige picha sasa hivi akiwa amesimama vizuri, ubavu wote, mana wa rangi ya chui wako elfu hapa mjini na kila mtu anadai wake.

---

Binti wa Bondeni

Mkuu na ukifika ulikohamia unamuachia lini? Maana hao wa mradi paka wao wanarudi bondeni kwa miguu, nawaona.

---

Mkaazi wa Zamani Jangwani

Wiki mbili ndani kwa uchache, mwezi ndio vizuri. Anatakiwa ale pale, alale pale, asikie sauti za pale. Ukimfungulia siku ya tatu kwa kumuonea huruma anashika njia. Na siku ya kwanza kumtoa mtoe akiwa na njaa, kabla ya chakula cha jioni, ili awe na sababu ya kurudi.

---

Mzee wa Fitna

Mimi paka sina. Ila nina kuku thelathini na banda liko chini. Hili tenga mnalosema linachukua kuku wangapi

---

Mama Ikwiriri

Hatimae 😂

---

Dokta wa Ng'ombe

Kumi wa kienyeji kwa tenga la kawaida, usibananishe watakufa kwa joto. Ila fungua uzi wako mzee, huu wa paka. Na usiuweke usiku wa mvua, uweke wiki hii.

---

Fundi Bajaji

Kaingia tenga saa tatu usiku. Kala dagaa zote. Kakojolea kanga. Sasa yuko chumbani kwangu chini ya kitanda anangurumia kila anayepita, kawaida hiyo?

---

Binti wa Bondeni

Kawaida kabisa. Muwekee maji na beseni la mchanga, funga mlango, mtu mmoja tu awe anaingia kumlisha na awe mama mkwe sio wewe uliyemkimbiza juu ya bati. Usimvute kwa mkono. Na kesho mpigie afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo.